Majani yale yale, maziwa tofauti: kwa nini malisho ya miti hubadilika kati ya masika na kaskazi

Mwezi wa Februari, jua la kaskazi likiwa limekwisha kukausha kila unyasi, mama mmoja mfugaji wa upande wa Kaloleni alinieleza jambo lililokuwa likimkera. Ana ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi wachache. Mwezi wa Juni, mvua zikinyesha, alikuwa akiwakatia majani ya miti ya malisho aliyoipanda mpakani mwa shamba, na maziwa yalipanda. Ilipofika Februari nyasi zimekwisha, akaona dawa ni kuongeza majani hayo hayo mpaka yakajaa hori karibu lote. Badala ya maziwa kuongezeka, yalishuka. Ng'ombe wakawa wanaanza kula kisha wanasimama, na mavi yao yakawa magumu na makavu.

Miti ni ile ile, shamba ni lile lile na mkataji ni yule yule. Majirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema ni jicho la watu, mwengine akasema aliuziwa miche isiyofaa. Yeye mwenyewe alikwisha kunoa panga ili aifyeke miti yote apande mihogo. Nilimsihi asubiri kidogo, kwa sababu jambo lililompata lina maelezo yake, na maelezo hayo yanamhusu kila mfugaji wa Kwale, Kilifi, Mombasa, Tana River, Taita Taveta na Lamu anayetegemea miti kulisha mifugo wakati wa ukame.

Jibu linaanzia kwenye kitu kimoja kiitwacho tanini.

Ukakasi tunaoujua

Jina tanini huenda likawa geni, lakini kitu chenyewe si kigeni kwa mtu wa Pwani. Ukiuma bibo la mkorosho, au ukila zambarau ambazo hazijaiva vizuri, ulimi hukauka na mdomo ukahisi kama umekunjamana. Huo ndio ukakasi, na unaletwa na tanini. Tanini hushikana na protini. Mate yetu yana protini zinazoulainisha mdomo, na tanini inapozishika, ule ulaini hupotea.

Chai ya rangi iliyokaa sana na majani ndani ya birika nayo huwa na ukakasi, lakini ukitia maziwa unapungua. Hapo tanini imekwisha kupata protini ya maziwa, ikashikana nayo na kuuacha ulimi wako.

Wazee wetu waliifanyia kazi tanini hata bila ya kuijua kwa jina hilo. Magome ya mkoko yana tanini nyingi sana, na katika enzi za ukoloni yalikuwa yakisafirishwa kwa meli kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji kwenda kwenye viwanda vya ngozi ng'ambo. Huko bara mti wa mwati, ulioletwa kutoka Australia, ulipandwa kwa ajili ya magome yake kwa kazi hiyo hiyo. Ngozi mbichi ni protini. Ikilowekwa kwenye maji ya magome, tanini huishika protini hiyo kwa nguvu, na ngozi haiozi tena kwa sababu bakteria hawawezi kuila.

Shikilia jambo hilo la bakteria kushindwa kuila protini, maana ndilo linalotokea ndani ya ng'ombe.

Ndani ya tumbo la mnyama anayecheua

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawamenyi chakula peke yao. Tumbo lao la kwanza ni kama pipa kubwa lililojaa vijidudu, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyovunjavunja nyasi. Navyo vinahitaji kula, hasa protini. Chakula chote anachokula mnyama kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hudhoofika, nyasi hukaa tumboni bila ya kusagika, na mnyama hukosa hamu ya kula hata kama nyasi ziko mbele yake. Nyasi kavu za kaskazi mara nyingi huwa chini ya kiwango hicho.

Ndiyo maana mimea ya jamii ya kunde inathaminiwa. Majani ya lusina, glirisidia na kaliandra huwa na protini ya asilimia 20 na zaidi. Kwa miaka mingi kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kimejaribu lusina, glirisidia na mikunde mengine ili ilishwe pamoja na majani ya nepia hapa Pwani. Kule Embu watafiti walionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra huweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Kwa mtu anayeijua bei ya gunia la chakula hicho, hilo si jambo dogo.

Lakini protini iliyoandikwa kwenye kitabu si lazima iwe protini anayoipata ng'ombe. Mnyama anapotafuna jani, tanini na protini zilizokuwa zimetengana ndani ya jani hukutana na kushikana. Zikiwa katika tumbo la kwanza, ambamo hamna ukali mkubwa wa asidi, hubaki zimeshikana hivyo, na vijidudu hushindwa kuzitenganisha. Zikifika tumbo la nne, ambamo asidi ni kali, huachana, na protini humenywa hapo au kwenye utumbo mwembamba unaofuata.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea kipimo. Tanini ikiwa kama asilimia 2 hadi 4 ya uzito wa chakula kikavu, ni neema: sehemu ya protini inapita bila ya kuharibiwa na vijidudu, kisha mnyama anaifaidi mbele. Ikipita asilimia 5 au 6, mambo hugeuka. Vijidudu vinakosa chakula, nyasi hazisagiki, mnyama anahisi ukakasi na kupunguza kula, na sehemu ya protini hutoka na mavi bila ya kutumika. Hayo ndiyo yaliyotokea Kaloleni.

Kwa nini majira yabadilishe kipimo hicho?

Jani ni jiko. Linachukua hewa, maji na mwangaza wa jua, na kutoka humo linapika sukari. Wakati wa masika mti una maji ya kutosha, mizizi inavuta rutuba, na sukari ile inatumika mara moja kutengeneza matawi na majani mapya. Mti hauna ziada kubwa ya kuweka kwenye tanini, na hiyo iliyopo inasambaa katika majani mengi yanayokua kwa kasi.

Ardhi inapoanza kukauka, jambo la kwanza linalosimama ni ukuaji. Kupika sukari hakusimami siku hiyo hiyo. Jua bado lipo, tena kali kuliko la Juni, na jani bado ni bichi. Mti unakuwa na sukari usiyoweza kuikuza, na sehemu yake huigeuza kuwa vitu kama tanini. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1983 na wanasayansi watatu, Bryant, Chapin na Klein, na ingawa wataalamu wamebishana juu yake tangu hapo, yanasaidia kufahamu mengi yanayoonekana shambani.

Sababu ya pili ni ulinzi. Mti hauwezi kumkimbia mbuzi. Jani likiliwa Mei, jengine huota baada ya muda mfupi. Jani likiliwa Februari, mti hauna maji ya kuotesha jengine. Kwa hiyo jani la ukame ni mali ya thamani, na mti ulio na jani la thamani hulilinda.

Sababu ya tatu ni jua lenyewe. Kwa kawaida majani yaliyo juani huwa na tanini nyingi kuliko yaliyo kivulini. Mti ulio chini ya minazi na ule ulio peke yake uwanjani si lazima walishe sawa, hata kama mbegu yao ni moja.

Ya nne ni udongo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa New Zealand walipima mmea wa malisho wa jamii ya kunde uitwao lotasi, wakakuta ule uliokua kwenye ardhi isiyo na rutuba una tanini nyingi mno kuliko uliotiwa mbolea. Sisi tunaolima mchanga wa Pwani tuna la kujifunza hapo. Mti wa jamii ya kunde hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, lakini fosforasi hauwezi kujitengenezea.

Mabadiliko haya hayaonekani kwetu peke yetu. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani kuna kunde ya malisho iitwayo lespedeza. Huko waliona mapema kwamba tanini yake huongezeka majira ya kuchipua yakipita na joto likaingia, na ng'ombe wakaanza kuikataa. Chuo kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, kilizalisha aina yenye tanini kidogo na kuitoa kwa wakulima mwaka 1980.

Na huko Transvaal, Afrika Kusini, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, tandala wengi waliofungiwa ndani ya nyua za mashamba ya wanyamapori walikufa katika misimu ya ukame huku matumbo yao yakiwa na majani ya migunga. Mtaalamu Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alisema sababu ni tanini: tandala aliye huru huonja mti huu akahamia ule, lakini aliyezungukwa na ua hulazimika kurudia miti ile ile. Si kila mtaalamu aliyekubaliana naye, lakini mfugaji wa kufungia bandani atafakari. Ng'ombe wa bandani hana pa kuhamia, na anayemchagulia ni wewe.

Si kila mti, wala si kila jani

Ingekuwa rahisi kusema "kaskazi tanini juu, masika tanini chini" tukamaliza. Haiko hivyo kabisa.

Kwanza, miti inatofautiana. Kaliandra ina tanini nyingi, inayoweza kufika asilimia 11 au hata kupita. Lusina iko katikati. Glirisidia ina kidogo. Migunga yetu ya porini hutofautiana sana aina kwa aina. Mikunde ya kutambaa, kama kunde za kawaida, mara nyingi ni myepesi kwa tanini kuliko miti. Kwa hiyo majira yanaweza kuitikisa kaliandra kwa namna inayomdhuru ng'ombe, huku glirisidia ya shamba hilo hilo ikibaki salama.

Pili, umri wa jani una neno lake. Kuna miti ambayo majani yake machanga, yale mekundumekundu ya ncha, ndiyo yenye ulinzi mkali, na kuna mengine ambayo tanini huzidi jani linapokomaa. Mvua za kwanza zikinyesha na mti ukachipua, usidhani kwamba ulaini wa jani ni ulaini wa tanini.

Tatu, ukame ukizidi kabisa, hata ule upishi wa sukari husimama na majani hupukutika. Kwa hiyo hatari si siku ya ukame mkubwa pekee. Hatari huanza mapema, wiki zile ambazo nyasi zimeanza kukauka lakini miti bado imesimama kijani, nasi tunaikimbilia kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki.

Nne, mnyama naye ana nafasi yake. Mbuzi, kwa asili yake ya kula majani ya miti, huistahimili tanini kuliko ng'ombe na kondoo. Usipime ng'ombe kwa hamu ya mbuzi.

Tanini si adui

Kabla ya mtu kuchukua panga, na ajue faida zake. Mnyama aliyekula kunde changa zisizo na tanini anaweza kuvimba tumbo kwa povu la gesi akafa kwa saa chache. Tanini hulizuia povu hilo. Pia huwapunguza minyoo, hasa wale wanaonyonya damu ya mbuzi na kondoo. Kule kusini mwa Marekani, lespedeza ile ile iliyolaumiwa kwa ukakasi wake sasa inapandwa na wafugaji wa mbuzi kwa ajili hiyo, kwani dawa nyingi za minyoo zimeanza kushindwa.

Hata ile protini inayotoka na mavi haikupotea yote. Tanini huihamisha naitrojeni kutoka kwenye mkojo, ambao hupotea upesi kwa jua, ikaiweka kwenye mavi, ambayo huoza polepole shambani. Hasara ya maziwa ni faida kidogo ya mahindi, ingawa hakuna mfugaji anayefuga ng'ombe kwa ajili ya mavi.

Tufanye nini?

Mambo yafuatayo hayahitaji mashine wala maabara.

Majani ya miti yasizidi theluthi moja ya chakula cha siku, na ikiwa ni kaliandra wakati wa kaskazi, punguza chini ya hapo. Sehemu kubwa iliyobaki iwe nepia, nyasi, au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Ng'ombe wa maziwa aongezewe pumba au mashudu ya nazi kama yanapatikana.

Changanya miti. Ukiwa na kaliandra, panda na glirisidia. Tanini ya mti mmoja hupunguzwa makali na wepesi wa mwengine. Miti ya aina moja ina hatari nyengine pia: wadudu wadogo wa lusina walipoingia Afrika Mashariki mwaka 1992, waliokuwa na lusina tupu ndio walioumia zaidi.

Mzoeshe mnyama kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Vijidudu vya tumboni vinahitaji muda wa kuzoea chakula kipya.

Kaliandra mpe ikiwa mbichi, mara tu baada ya kuikata. Glirisidia ina harufu ambayo ng'ombe wageni huikataa, nayo ni bora inyauke saa chache kwanza, lakini usiiache ikashika ukungu.

Lusina ina jambo jengine mbali na tanini. Ina sumu iitwayo mimosini, inayoweza kunyonyoa nywele na kuvimbisha shingo mnyama akila nyingi kwa muda mrefu. Hiyo ni sababu ya pili ya kushikilia kipimo cha theluthi. Na wenzetu wa Lamu msiwape punda lusina: mnyama asiyecheua huathirika upesi, na punda hunyonyoka shungi na mkia.

Kata miti kwa zamu, kila baada ya miezi miwili au mitatu wakati wa mvua, badala ya kuiacha ikomae ukaja kuifyeka yote siku ya dhiki. Kisha mavi ya ng'ombe yarudi chini ya miti, si kwenye mahindi peke yake. Mti wenye rutuba hauna haja ya kujaza tanini.

Kubwa kuliko yote, weka akiba. Masika yakiisha, mwezi wa Julai na Agosti, na tena vuli ikiisha, kata lusina na glirisidia iliyokua kwa mvua. Ianike kivulini juu ya turubai, itikise majani yadondoke, kisha yatie kwenye magunia mahali pakavu. Jani lililokatwa wakati wa mvua linabaki kuwa jani la mvua. Februari utafungua gunia la Julai.

Kuna njia ya kuloweka majani kwenye maji ya majivu, iliyojaribiwa na watafiti wa Tunisia kwa majani ya migunga, nayo hupunguza tanini kweli. Lakini inataka maji na kazi nyingi, na kwetu maji ya kaskazi ni ya kununua kwa mtungi. Iwe njia ya mwisho.

Na umwangalie mnyama. Akipunguza kula, mavi yakakauka na maziwa yakashuka ndani ya siku chache baada ya kuongeza majani ya miti, punguza majani kwanza kabla ya kutafuta mchawi. Dalili hizo zinaweza kuwa za maradhi pia, kwa hiyo zikiendelea baada ya wiki moja mwite afisa wa mifugo.

Neno la mwisho kwa wanaogawa miche

Miche ya malisho imegawiwa sana Pwani, na ni jambo jema. Lakini mara nyingi mkulima hupewa mche na kuambiwa una protini nyingi, basi. Haambiwi lini akate, akate kiasi gani, wala kwamba jani la Juni na la Februari si jani moja. Kisha miti inapomvunja moyo anaing'oa, na fedha na miaka aliyongojea vinakwenda bure. Karatasi moja yenye kalenda ya kukata na kipimo cha kulisha, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ingeokoa miti mingi kuliko miche mengine elfu.

Yule mama wa Kaloleni hakuifyeka miti yake. Alirudisha majani hadi theluthi ya hori, akaongeza mabua na pumba, na baada ya kama wiki mbili ng'ombe walikuwa wakimaliza chakula. Maziwa hayakurudi kama ya Juni, kwa kuwa kaskazi ni kaskazi, lakini yaliacha kushuka. Sasa anakusanya magunia matupu. Akiba haiozi, ili mradi ianikwe vizuri.